Onyo la Ukurasa wa Kumi na Moja

Rufaida ana kazi ambayo hapa mtaani Umoja hakuna anayeielewa, na mimi jirani yake nimewaeleza watu mpaka nimechoka. Huandika vile vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya katoni ya kitu kipya. Ndiyo, vile unavyotupa. Kuna mtu huviandika, havioti kwenye katoni.

Kiwanda anachofanyia kazi kiko Baba Dogo, na hutengeneza majiko ya spiriti. Mwaka jana alijilipia masomo ya ubunifu mtandaoni, si ubunifu wa kuchora maua, bali wa kukiunda kitu kwa kufuata mkono wa atakayekitumia. Kila Jumamosi akija kwangu kunywa chai ilikuwa lazima anihubirie. "Mtu akikosea, usimlaumu yeye, kilaumu kitu. Na ukitaka kujua kama kitu kinafaa, usimuulize. Mpe akitumie, wewe kaa kimya." Nikamwambia kukaa kimya ni somo ambalo yeye ataanguka. Tukacheka, na laiti ningejua nisingecheka.

Sasa jiko lenyewe. Mdomo wa kujazia spiriti uko mbele, karibu kabisa na mkono. Swichi ya kuzimia iko nyuma, chini, utafikiri imefichwa wezi wasiione. Na moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Ukijaza jiko likiwa linawaka, umejiunguza. Rufaida aliliona jambo hilo mapema, akaandika onyo ukurasa wa kumi na moja, lakini roho yake haikutulia. Alijua ni wangapi hufika ukurasa wa kumi na moja.

Akampelekea shangazi yake, Bi Mwanasiti, jiko moja la majaribio. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye anayetukaangia mahamri hapa kwenye geti la ploti yetu ya nyumba za kupanga. Miaka thelathini amekaangia jiko la mafuta ya taa. Mkaanga mahamri hazimi moto katikati ya kazi, kwa sababu karai likipoa mahamri hunywa mafuta na wateja wanahamia kwa mwingine. Jiko likilegea, yeye huliongezea mafuta likiwa linawaka na kuendelea. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na halijawahi kumdhuru.

Siku ya majaribio nilikuwepo. Jiko linawaka, Bi Mwanasiti akaambiwa aongeze spiriti, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha mdomo wa kujazia. Rufaida alikuwa ameikalia mikono yake ili asiingilie, kama alivyofundishwa. Lakini nani atamtazama aliyemlea akijichoma, eti ni utafiti?

"Shangazi, zima kwanza!"

"Kweli, mwanangu, nimesahau." Akazima, akangoja, akajaza. "Nimeelewa, alhamdulillahi. Jiko zuri hili."

Bi Mwanasiti angesema ameelewa hata ungemfundisha kurusha ndege. Kumwambia mtoto uliyemlea kwamba kazi yake inakutatiza, kwake huo ni utovu wa adabu.

Jumatatu Rufaida akapeleka mchoro wake kazini. Alikuwa ameihamishia swichi mbele, juu ya mdomo wenyewe, hivi kwamba huwezi kufungua kabla ya kuzima. Mkuu wa wabunifu, Muriuki, aliutazama kwa makini.

"Hii ni poa, Rufaida. Lakini hiyo jiko imeshachongwa hivyo, na majiko elfu moja yanatoka Ijumaa. Kwani shangazi yako alishindwa?"

"Ningenyamaza angeungua."

"Lakini hakuungua. Alijaza vizuri. Si uweke tu onyo kubwa, nyekundu?"

Mdomo wa Rufaida mwenyewe ndio uliomharibia ushahidi. Akaliweka onyo kwa herufi nyekundu, na aliniambia alilia akiziweka. Akarudi kwa shangazi yake kulichukua lile jiko. Bi Mwanasiti akakataa katakata. "Unanipa zawadi kisha unaninyang'anya? Nimekukosea nini?" Basi akamwachia kitabu kipya, akamwapisha akisome. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye, saa moja asubuhi, wateja wamejaa getini, nikasikia ukelele. Mkono wa kulia wa Bi Mwanasiti ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko. Tulimmwagia ndoo nzima ya maji, tukamkimbiza hospitali, akarudi mchana amefungwa bendeji, mkono umening'inizwa shingoni.

Rufaida alifika mbio. "Shangazi, kitabu hukukisoma?"

Bi Mwanasiti akaonyesha kabati la vioo kwa kidevu. Kitabu kilikuwa kimesimamishwa katikati ya vikombe vya harusi yake, bado kimo ndani ya plastiki. "Nikipeleke jikoni kiingie mafuta? Kila mgeni akija namwonyesha. Namwambia, ile pale ndiyo kazi ya mwanangu."

Simu ya Rufaida ikalia, ni Muriuki. Alimpa pole ya kweli, kisha akauliza, "Onyo lilikuwa ndani?" Rufaida akamjibu kwamba lilikuwa. "Basi hapo tuko salama." Nilitamani kuinyakua ile simu nimuulize ni akina nani walio salama.

Rufaida akachana plastiki, akamsomea ukurasa wa kumi na moja, polepole, mara mbili.

"Umeandika vizuri, wallahi," shangazi akasema. "Kosa ni langu. Sasa nimeelewa."

Basi Rufaida akalileta jiko, kavu, halina hata tone, akaliweka mezani pamoja na chupa ya maji. "Tuseme linawaka, Shangazi, na wateja wanangoja. Nionyeshe utakavyojaza." Akaketi, akaikalia mikono yake. Safari hii alinyamaza kweli.

Bi Mwanasiti akajisogeza kitini, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Akafungua kifuniko cha mbele, akashika chupa, akamimina taratibu, tone lisianguke nje. Alipomaliza akamtazama Rufaida akitabasamu, akingoja asifiwe.

Swichi ya nyuma hakuigusa.