Nafasi Mbili Tulizokatazwa Kuziacha Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta hata moja. Muzee Ramazani, mkuu wa ateliye yetu, karakana ya kutengeneza kompyuta pale Gitega, alinipa beseni la maharagwe nichambue mawe. Nilidhani ananidharau kwa sababu shule yangu iliishia darasa la tano, vita vilipotukuta Bukirasazi na kuniachia kaka mmoja tu katika nyumba nzima. Nikachambua nimenuna.

Kumbe maharagwe yalikuwa sehemu ya kazi. Mashine ikishatengenezwa, Muzee aliiwashia programu ya kupima kumbukumbu, ile inayoandika na kusoma kila pembe ya bareti ikitafuta kosa. Bareti ni vile vibao vyembamba ambavyo kompyuta inawekea kazi inayoishika kwa sasa. Programu ikianza, na chungu kinabandikwa juu ya imbabura, jiko letu la makaa. Maharagwe yakiiva na ekra, yaani skrini, haijaonyesha kosa, mwenye mashine anaitwa. Kosa likitokea maharagwe bado magumu, tunafungua upya na njaa yetu.

"Bareti mbaya ni kama mgeni muongo," Muzee alikuwa anasema. "Mupe muda akae, atajichanganya mwenyewe."

Alikuwa mtoto wa mafundi wa mjini, Waislamu wa zamani wa Gitega. Alianzia kwenye redio na cherehani, kompyuta zikamkuta na mvi tayari. Akinikaripia, alinikaripia mbele ya watu; akinisifu, alinisifu kwa kunijazia sahani. Miaka ile nilikula maharagwe mengi kuliko mtu yeyote wa Gitega, na mpaka leo sijashiba.

Kisha patron wetu, Diyodone, mwenye biashara yote, akafungua tawi Muyinga na kunipeleka huko. Gérant, yaani meneja wa tawi, alikuwa Aristidi, shemeji yake patron. Nawataja kwa majina kwa sababu wao walitaja la Muzee bila aibu. Siku niliyofika na imbabura yangu, Aristidi aliisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Hiyo itoke. Hapa ni magasin ya kuuzia, si jikoni kwa mama yako. Client hataki kunuka moshi."

"Chef, na kupima tutapima na nini?"

"Inawaka? Basi imepona. Mupe mwenyewe aende."

Wakati huo patron alikuwa amechoka na ateliye. Alitaka kuuza mashine mpya tu, zile za kutoa kwenye karatoni. Basi akaja mteja mkubwa, Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa na studio ya filamu za harusi karibu na soko la Muyinga. Alitaka kompyuta ya mezani yenye nguvu, ubavu wake wa kioo ili wateja waone taa ndani. Patron akampigia Muzee simu mbele yangu: "Mashine ya huyu mama ikisimama vizuri, ateliye inabaki. Ikiniaibisha, nafunga Gitega, na we Muzee uende kupumzika." Muzee akapanda gari akaja Muyinga kuiunga mwenyewe.

Sasa nyinyi vijana mnaounga kompyuta sikilizeni vizuri, maana hili bado linawaangusha watu. Aristidi alikuwa amemuuzia mama bareti nne za kasi sana, pakiti mbili, kila pakiti bareti mbili. Ubao mkubwa wa kompyuta ulikuwa na nafasi nne. Mtu anahesabu nne na nne, anachomeka. Lakini nafasi zile nne zinatumia njia mbili tu kwenda kwa prosesa. Ukiweka bareti mbili, kila moja ina njia yake, inakimbia. Ukiweka nne, kila njia inabeba mbili, na ile sehemu ya prosesa inayoziongoza inalemewa. Hapo inabidi kasi ishuke. Tena ile kasi iliyoandikwa kwenye bareti imepimwa kwa pakiti moja. Pakiti mbili, hata zikifanana kama mapacha, hakuna aliyezipima pamoja.

Muzee aliweka mbili, nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, akachagua kasi iliyoandikwa. Mashine ikakimbia kama maji ya mtelemko. Mama Furaha akainama kwenye kioo, akaona nafasi mbili wazi.

"Papa Ramazani! Mi nilinunua ine. Hizi zingine mutakula na ugali?"

"Mama, hizi mbili zinakutosha. Zikiwa ine, zitatembea pole pole."

"Sasa we! Kwenu Burundi kikapu cha kupeleka kwa wakwe munapelekaka nusu? Wateja wangu waone pengo mbili kama mdomo wa bibi?"

Watu wakacheka, Aristidi akicheka kuliko wote. Na kweli, hakuna mtu wa kwetu anayepeleka kikapu nusu. Ukileta kikapu kina nafasi, umetukana nyumba nzima. Muzee alilijua hilo kuliko sisi sote, hakubishana. Akachomeka zote nne, akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akashusha kasi. Ekra ikakaa nyeusi muda mrefu, Aristidi akaanza kuguna. Muzee akamwambia, "Tulia, zinajifunza kutembea pamoja." Ikawaka. Akaomba aachiwe aipime mpaka jioni. Nilikwenda kukopa imbabura kwa jirani, tukabandika nyuma ya magasin, juani. Maharagwe yakaiva, kosa halikuonekana. Tulikula wawili tumechuchumaa, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha zaidi ya ile. Kesho yake akarudi Gitega.

Siku ya kukabidhi, Aristidi aliwaita majirani akawapa soda. Mama Furaha akauliza kwa nini kasi ya kwenye ekra ni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye bareti. Nikaanza kueleza. Aristidi akanikata: "Wazee wanaogopa kasi, mama." Akaingia kwenye mipangilio, akairudisha juu mbele yangu. Nikasema, "Chef, usifanye hivyo." Akasema, "We fagia." Mashine ikawaka, watu wakapiga makofi.

Ilikuwa inawaka, ndiyo. Ikipata joto, inakosea. Kwanza ilizima yenyewe, kisha ikaanza kuharibu kazi. Filamu ya harusi moja ya Giteranyi ikatoka imekatika pale baba wa bibi arusi anapoaga binti yake, picha imekuwa vipande vya rangi. Mama Furaha akairudisha mashine na familia nzima ya bibi arusi nyuma yake. Patron akaja. Aristidi akanyoosha kidole kuelekea Gitega: "Iliungwa na muzee."

Nilisema niliyoyaona. Patron alinisikiliza akiangalia saa. Muzee, kwa simu kutoka Gitega, aliomba kitu kimoja tu, aje afungue mashine mbele yao wote ashushe kasi. Diyodone akakataa, akasema mambo yameisha. Ateliye ikafungwa, meza zikauzwa kwa kinyozi, nami nikaacha kazi nikarudi nyumbani.

Baadaye Aristidi alifukuzwa kwa mambo yake mengine, na patron akanifuata nyumbani: nirudi Muyinga, niwe gérant, nifungue ateliye nitakavyo. Nikapita kwanza kwa Muzee. Alikuwa amekaa kitandani, kikombe anashikiwa na binti yake.

"Nenda we," aliniambia. "Kazi unaijua."

Sikwenda. Nalima Bukirasazi, na watu wanasema ni hasira. Hasira ninayo, na sitaiombea msamaha. Lakini niliwaza ile meza ya Muyinga, nikajiona nimefunga mashine, nimeiwasha, nimegeuka kumuuliza mtu kama nimekosea, na nyuma yangu hakuna mtu.