Ngoma za Brazili Mlandege

Leo nimenyamazishwa, na mnajua mimi sinyamazi ovyo.

Duka la kanda za muziki, mtaani Mlandege. Muuzaji kaweka roki nzito, magitaa yanakereza kama msumeno juu ya bati. Nikamwambia, "Haya makelele, si muziki!"

Mara, kanda ileile, zikaingia ngoma; muuzaji akasema ni za makabila ya Brazili.

Bi Mwanaisha wa Makunduchi, shoga wa marehemu mama, alikuwa akipita. Akasimama mlangoni.

"Ngoma ya kwetu hiyo! Harusi ya nani?"

"Ya Brazili hiyo, Bi," nikamwambia.

"Brazili ndo wapi? Mamako angekuwa keshafunga kibwebwe. We umekaa unagomba!"



Kanda nimeinunua. Magitaa bado siyapendi. Nayastahamili tu, maana yakimaliza zinaingia ngoma, na mama anaingia nazo.

Nani anabisha?