Nyumbani, Kwa Jirani, Sokoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nasikia masikio yakipata moto. Ilikuwa Jumamosi mchana, huko Kitale, ndani ya ghala la mahindi la baba yake Kamau. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, gitaa mapajani, kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Nakuambia haya kwa sababu jana umerudi kutoka mazoezini umenuna, ukasema ati wenzako wanaongea mambo ya gitaa kwa maneno usiyoyaelewa, afadhali uache. Kaa hapo kwanza. Chai ipo.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kidogo nilikuwa kijana, nauza mbolea katika duka moja mjini Kitale. Gitaa nilifundishwa kwetu Bokoli, kule Bungoma, na khocha wangu, ndugu yake mama, mtu ambaye hakuwahi kuingia darasa la muziki maishani. Unajua kodi ni ile namna ya kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja zikalia sauti inayokubaliana. Sasa khocha hakuziita kodi kwa herufi. Alikuwa nazo tatu tu. Ya kwanza aliiita Nyumbani, kwa sababu wimbo huanzia hapo na lazima urudi ulale hapo. Ya pili, Kwa Jirani: unaenda, unasalimia, hukai sana. Ya tatu ni Sokoni, na ukishafika sokoni miguu yenyewe inataka kurudi nyumbani. "Ukilala sokoni, watu watauliza wewe ni mtu wa aina gani," alikuwa akisema, huku ananigonga vidole nikichelewa kugeuza. Na nilipiga, mwanangu! Wacha nijisifu kidogo, hapa hakuna mwingine wa kunisifu.

Dada yangu Nekesa alipochumbiwa, nilimwahidi kitu kimoja tu, kwamba siku ya harusi nitampigia gitaa akiingia uwanjani. Bendi ilikuwa ya vijana wa kanisa letu pale Kitale, na kiongozi wake alikuwa huyo Kamau. Kijana mzuri, mwenye bidii, lakini alikuwa amesoma makaratasi mengi ya kutoka saiba, kwenye duka la intaneti, mpaka akasahau jinsi watu wanavyoongea. Siku hiyo ghalani akasema, "Haya, moja-nne-tano, tuko kwa G, na ubeti wa mwisho kapo freti ya pili."

Wenzangu wakaanza kupiga. Mimi nikawa natazama vidole vya aliyekaa karibu nami, nikifuata kwa nyuma, nikikosea. Mara Kamau akatusimamisha.

"Si ulisema unajua gitaa, bana? Harusi ni wiki ijayo. Kama hujui moja-nne-tano, wewe utabeba spika."

Kubeba spika! Harusi ya dada yangu mwenyewe! Wengine wakacheka. Badala ya kuuliza nikaanza kulegeza nyuzi ili nirudishe gitaa kwenye mfuko wake.

Baba yake Kamau alikuwa mlangoni anashona magunia. Mzee huyu alikuwa ameimba kwaya tangu ujana wake. Akaweka sindano chini.

"Kamau, hiyo moja ni nini?"

"Ni kodi ya kwanza ya skeli, baba."

"Na skeli ni nini?"

Kamau akaanza kueleza. Akaingia katika neno moja, akatokea na mengine matano, kila moja likihitaji kuelezwa.

"Basi wewe mwenyewe unatafuta njia," mzee akasema, "na unamcheka mwenzako aliyepotea?" Kisha akanigeukia mimi, na nilidhani atanihurumia. Wapi! "Na wewe kijana wa Bungoma, kwani huo mdomo ni wa ugali peke yake? Mficha maradhi kifo humuumbua. Uliza!"

Nikamgeukia Kamau. "Moja ni ipi? Nionyeshe."

Kamau akabana nyuzi, akapiga. Nikaruka kutoka kwenye gunia. "Ah! Hiyo ni Nyumbani!" Akapiga nne, nikamwambia hapo ni Kwa Jirani. Alipopiga tano, tukasema pamoja, "Sokoni!" Mzee naye akacheka kule mlangoni, akatuambia kwaya yake inaziita do, fa, so tangu zamani.

Baada ya hapo Kamau alinieleza vizuri sana, lazima niseme ukweli. Skeli ni ngazi ya sauti, ile do-re-mi ya mzee, na kusema tuko kwa G ni kusema Nyumbani yetu inakaa kwenye sauti iitwayo G. Freti ni hivyo vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa. Kapo ni kibanio, unakifunga mahali palepale pa freti fulani, na wimbo wote unapanda juu, huku vidole vyako vinaendelea kushika vilevile ulivyozoea. "Ni kama kuhama na nyumba yako," akasema.

Siku ya harusi ikafika. Sasa kule kwetu, wimbo wa kumwingiza bibi harusi hauanzishwi na bendi. Kukhu, nyanya yetu, anauanzisha mwenyewe, kwa sauti anayotaka yeye, na hakuna wa kumwambia ngoja. Sisi tulikuwa tumejipanga kwa G. Kukhu akasimama langoni akauinua juu zaidi, na magitaa yetu yakagongana na sauti yake vibaya sana. Kamau akaacha kupiga, uso umemwiva. Nekesa alikuwa ameshaanza kutembea, macho yake kwangu.

Nikashusha sauti, nikapandisha kidole taratibu kwenye uzi unaolia G mpaka nikamkuta kukhu alipo. "Nyumbani ni freti ya tatu!" nikamwambia Kamau. Yeye hakuuliza nyumbani ni nini. Akachomoa kapo kwenye gitaa lake akaifunga kwenye langu. "Kapo tatu! Shika zile zako!"

Nikashika, yeye akanifuata kwa kupandisha vidole kwenye shingo ya gitaa lake bila kapo, mwenzetu mmoja wa bendi aliyekuwa na chupa ya soda akaigonga kwa msumari, na dada yangu akaingia uwanjani akicheza.

Jioni kukhu aliniita, akanishika vidole. "Magitaa huwa yananivuta kwao," akasema. "Leo yamenifuata." Nililia, mwanangu, na sioni haya kusema.

Basi kesho rudi mazoezini. Ukisikia neno geni, usilikimbie na usitikise kichwa, sema tu, "Nionyeshe kwa kidole." Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ulichofundishwa nyumbani usikitupe, usiache mbachao kwa msala upitao, kwa maana siku kukhu akiinua wimbo utahitaji vyote viwili. Halafu siku ukiwa wewe ndiwe unayejua, mwonyeshe mwenzako kwanza, jina lije baadaye.

Mungu akupe vidole vyepesi na mdomo usioogopa. Na wimbo ukupeleke kote unakotaka kukupeleka, lakini ukurudishe nyumbani.