Moshi Upande wa Pili wa Bonde

Mke wa marehemu ndugu yangu huchoma makaa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kamati wakisimulia habari hii huanza na mimi, na yeye akisimulia huanza na mimi pia, na bado sijui nani ana haki zaidi.

Sisi ni wa chini ya Kiritiri, ambako mvua ikikosa msimu mmoja mbuzi ndio benki. Kikundi chetu kinatafuta cheti cha kuonyesha kwamba eneo letu linaweza kupokea watalii bila kuharibu mazingira. Tulitengeneza njia ya miguu hadi kwenye jabali la juu, tukachonga viti kwa magogo yaliyoanguka yenyewe, na kwenye mkutano kila mtu akainua mkono kwamba makaa basi. Shemeji aliinua wake. Lazima niseme hivyo. Lazima niseme pia kwamba aliahidiwa wageni watanunua vikapu vyake, na wageni waliokuja mpaka sasa ni wachache, na wengi walivipiga picha tu.

Asubuhi ya kuja mkaguzi, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisimama juu ya jabali akaona moshi mwembamba upande wa pili wa bonde. Akanigeukia polepole.

"Nenda umwambie shemeji yako azime sigara yake."

Wengine wakacheka. Na mimi nilicheka, kidogo.

Nilimkuta ameketi kando ya tanuru, lile rundo la magogo lililofunikwa nyasi na udongo na kuachiwa vitundu vya hewa. Alikuwa ameliwasha jana yake. Tanuru halizimwi kama jiko. Ukilifukua mapema, hewa inaingia na yote yanakuwa majivu. Ukiziba vitundu, moto unafia ndani na unabaki na vinga, nusu mti nusu makaa, na hakuna mnunuzi anayevitaka. Sote wawili tulijua hayo. Aliniambia mbegu ya ndengu waliila wakati wa njaa, na sasa mawingu yameanza kukaa upande wa Mlima, mvua iko karibu, na magunia ya tanuru hili ndiyo mbegu yenyewe. Hakulalamika. Aliuliza tu kama hicho cheti ni kitu cha kweli.

"Ni cha kweli," nikasema. "Tukikipata, hata wewe utafaidika."

"Ukisema wewe, shemeji, naziba."

Tukaziba pamoja, kwa udongo tuliolowesha na maji yake ya kunywa, mpaka moshi ukakatika.

Mkaguzi alikuwa mama mpole. Alikunywa uji wetu, akasifu viti. Tulipofika jabalini akauliza kama huku bado watu wanachoma makaa, na mwenyekiti akajibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Yule mama akatazama mikono yangu, ilikuwa na weusi bado, akaniuliza na mimi, bila ukali. Ningeweza kusema ni udongo wa shamba. Mpaka leo sijui kama kilichonizuia ni uaminifu au ni hofu ya kushikwa na uongo. Ndani yangu vitu hivyo viwili vinafanana kama mapacha.

"Wanachoma," nikasema. "Hata leo kulikuwa na tanuru pale ng'ambo. Tumeliziba kwa sababu yako."

Hakukasirika. Alisema cheti kitangoja mpaka tuonyeshe wachoma makaa watakula nini wakiacha. Kwa kweli ni swali zuri, sisi wenyewe hatukuwa tumejiuliza. Mwenyekiti hakunisemesha njia nzima ya kushuka, na simlaumu. Ametembea ofisi kwa ofisi kwa nauli yake mwenyewe. Si mtu wa uongo, alikuwa amechoka kurudi mikono mitupu.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa shemeji, asije akasikia sokoni. Alikuwa analifukua tanuru. Vinga vilitoka kimoja kimoja, akivipanga pembeni kama mtu anayepanga kuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama ulijua utasema, ungeniacha nichome," akasema. "Na kama ulitaka nizibe, ungenyamaza."

Nilimwambia sikujua kama ningesema. Ni kweli, lakini nilipoisikia kwa sauti haikusaidia mtu. Nilitaka pia kumwambia kwamba migunga ya upande ule imekwisha karibu yote. Nikakumbuka chai yangu mwenyewe huchemka kwa makaa, mara nyingi ya kwake, nikanyamaza.

Mvua iliponyesha nilimpelekea ndengu za mbegu kutoka akiba yetu, kwa bakuli la mke wangu. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda, na mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama ni chumvi ya kushika kwa vidole, unatia kitu. Shemeji alilirudisha bakuli yeye mwenyewe, limeoshwa likang'aa. Mke wangu akatazama ndani, akanitazama mimi, akaliweka rafuni.

Huenda hakuwa na cha kutia. Lakini hata kipande kimoja cha vile vinga, cha kuwashia moto, kingetosha, na anavyo vingi.