Mama Kwenye Shamba la Maboga

Mama alitaka kuhamia Louisville kwa mama mdogo. Alisema hapa Buffalo anajua ghala anakofanya kazi, kanisa na theluji, basi. Jumapili angempigia mdogo wake kumpa jibu la mwisho. Nikaona Jumamosi nimtembeze kwenye mji mmoja wa wakulima, huenda moyo wake ukageuka. Nakiri sikulala vizuri. Niliitazama njia kwenye simu mpaka nikaikariri, na bado nikaogopa.

Asubuhi tulipita Amherst, maduka yakaisha, mashamba yakaanza. Mama, aliyekuwa akisinzia, akafumbua macho.

"Haya mahindi ya nani?"

"Ya watu, Mama."

"Watu gani? Simwoni hata mmoja."

Mjini tulianzia kwenye jumba la makumbusho ya kilimo. Mama alilitazama jembe ndani ya kabati la kioo.

"Hili wamelifungia kwa kosa gani?"

Nilicheka, lakini nikaitazama saa, maana alishaanza kupiga miayo.

Mchana tukafika shamba la maboga, ambako wageni hupanda tela lenye nyasi kavu, kisha huchagua boga la kupamba baraza. Niligeuka kununua juisi ya tufaha. Niliporudi, Mama alikuwa ameinama kati ya mistari, kitenge kimejaa majani mabichi, akichuma zile ncha laini tu. Waliokuwa wakipiga picha walisimama kumtazama.

"Mama, hapa watu wanachuma maboga."

"Na majani wanamwachia nani?"

Mwenye shamba, bibi mrefu aliyevaa buti za mpira, akaja. Nikaanza kuomba radhi kabla hajafungua kinywa, nikamweleza kwamba kwetu majani haya tunayapika kwa karanga. Alimtazama Mama akiambua nyuzi kwenye kikonyo cha jani.

"Mwambie anioneshe," akasema.

Wakainama wote wawili. Nilitafsiri mwanzoni, baadaye hawakunihitaji. Tulipoaga, bibi alimjazia Mama mfuko, akamwambia arudi Jumamosi ijayo kabla baridi haijayaunguza majani.

Tulirudi jioni, Mama ameupakata mfuko kama mtoto. Nilikuwa nimeipanga siku nzima kwa wasiwasi, na kilichomfurahisha ni kile nilichotaka kumkataza. Najaribu kujifunza kutokana na hilo.

Jumapili, baada ya kanisa, alipiga simu. Nilijifanya naosha vyombo.

"Mdogo wangu, siji. Njoo wewe huku, kuna majani," alisema. "Ila beba karanga. Za huku wanazitia chumvi."