Eksirei ya mdudu scania ilivyonusuru ndoa ya mkamwana wa Tindiga

Wakuu, salaam kwenu nyote mliopo jukwaani.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wana simu na huenda wanasoma humu.

Mimi ni mkazi wa Mikumi, msaidizi wa utafiti. Bosi wangu kipindi hicho alikuwa dada anayefanya PhD ya wadudu, nimwite Neema. Tulizunguka vijiji vya Kilosa kukusanya dumuzi, yule mdudu wa mahindi ambaye wengi mnamjua kwa jina la scania.

Mdudu anapelekwa maabara, anapigwa eksirei kila upande, kisha kompyuta inaziunganisha picha mpaka unampata mzima kwenye kioo. Unamgeuza utakavyo. Unaona hadi misuli ya taya.

Tindiga tulifika kwa familia moja ya Wasukuma. Mwenye mji, Mama Shija, alituonyesha mifuko yake ya kuhifadhia mahindi, ile ya plastiki isiyopitisha hewa.

Ndani umebaki unga na makapi, na scania wazima wanatambaa. Plastiki yenyewe ina vitundu vya duara, kama vilivyotobolewa kwa spoku ya baiskeli.

"Muulizeni mkamwana wangu," alisema, wala hakupunguza sauti. "Aliyeniuzia mifuko alisema mdudu akifungiwa humo anakufa. Hawa wamepumulia wapi? Huyu anatoboa, anachota, anauza. Namrudisha kwao Shinyanga."

Mkamwana mwenyewe, Minza, alikuwa anapepeta hapo hapo, mtoto mgongoni. Ungo haukusimama.

Neema akamuuliza kwa upole.

"Sijatoboa, dada."

Basi. Hakuongeza neno.

Tulikata vipande vya plastiki vyenye matundu, tukachukua na wadudu. Nikamwomba Mama Shija asiamue kitu kabla hatujaleta majibu.

"Kwani ninyi mnapima wadudu au mnapima wake za watu?" akaniuliza. Lakini akakubali kungoja.

Niwaambie ukweli: Neema alikuja kusomea taya la mdudu. Sasa taya hilo limebeba ndoa ya mtu.

Tulirudi mvua za kupanda zikikaribia. Minza alikuwa bado yupo, amekonda. Neema akaweka laptop juu ya kinu kilichopinduliwa, scania akajaa kioo kizima, kichwa ameinamisha kama nyati.

"Yesu wangu!" Mama Shija akacheka. "Huyu ng'ombe wa nani?"

Hata Minza akacheka.

Neema akaanza na picha za plastiki. Kingo za matundu zimetafunwa, hazikuchomwa na chuma. Na mikwaruzo ya miguu iko upande wa nje. Yaani mdudu hakufungiwa ndani, aliingia.

Kisha akawasha simulation, kompyuta ikaigiza mdudu akiwa kazini. Juu ya plastiki laini, anateleza. Anauma, anateleza tena. Lakini akipata kitu cha kukazia mgongo, anasukuma, taya linashika, anapita.

"Kwa hiyo mama, kuna kitu kilikuwa kimegusana na mifuko," Neema akasema. "Kitu gani?"



Mimi nikamwangalia Minza. Alitupa jicho juu ya ile mifuko mara moja, akainama haraka.

Juu ya mifuko kulikuwa na mafungu ya mahindi ya mbegu, bado yana maganda yake. Mji ule mbegu ni za mama mwenye mji peke yake. Mwingine hagusi, na mkamwana ndiyo kabisa, hata kuzisema hasemi. Baadaye Minza alinieleza kwamba aliwahi kuona unga ukidondoka kutoka kwenye zile mbegu. Angeanzia wapi?

Mama Shija naye alikuwa ameliona lile jicho. Akasimama, akachukua hindi moja, akalimenya. Unga ukamwagikia kanga yake. Scania wakatambaa mkononi.

"Mbegu zangu," akasema.



Hakuomba radhi, wakuu. Nilingoja aombe, hakuomba. Alikaa chini akamenya hindi moja moja, mabovu akatupa motoni, mazima akayafunga upya. Kisha akamwita Minza, akampa fungu zima mikononi.

"Utazitunza wewe. Zitundike jikoni zipate moshi. Mume wako akiuliza, mwambie nimekupa mimi."

Minza akapiga magoti kupokea. Fungu lilimzidi mikono, punje zikawa zinadondoka, na Mama Shija akawa anaziokota moja moja na kumrudishia.

Nilichojifunza: mifuko ikae peke yake, isiguse ukuta, mti wala mahindi mengine. Na ukimwona mtu hajitetei, usiandike kwamba amekubali kosa. Angalia kwanza macho yake yanaelekea wapi.

Wenye njia zenu za kutunza mbegu bila scania, mwageni hapa. Na wakamwana wa humu ambao hamkuombwa radhi ila mlikabidhiwa kitu, mlikabidhiwa nini?