Mlango Urudishwe Tu

Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ya wakwe zangu, Mji wa Kale, nakumbuka nilisikia vikombe kabla sijamwona mtu. Vikombe viwili vya kahawa vikigonganishwa, ule mlio mkavu wa haraka ambao wauza kahawa huutumia kuwaita watu barazani. Nikachungulia dirishani nimtazame anayepita. Njia ilikuwa tupu. Mlio ulitoka chini ya miguu yangu, ndani ya nyumba.

Nikashuka ngazi. Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango uliotiwa komeo kwa nje, na nyuma ya mlango ule alikuwamo Salim, ndugu wa mume wangu, ambaye hakuna aliyenitajia wakati wa posa yangu.

Mwanangu, jana uliniambia kuwa mdogo wako amerudiwa na maradhi ya akili, na kwamba nyumbani mmeshauriana kumfungia chumba cha nyuma mpaka wageni wa posa yako waje na waondoke. Ukaniuliza pia mtawajibu nini wale watu wa kikundi cha kutetea haki za wagonjwa wa akili waliowabishia hodi. Ndipo vikombe vikanirudia masikioni. Kaa nikuhadithie, na unisamehe nikisita, maana kisa hiki sijawahi kukifikisha mwisho.

Salim alikuwa akiuza kahawa Makadara. Maradhi yalipomwanza akawa hapati usingizi, anazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alimpenda, usije ukadhani vingine. Wali wa kwanza kupakuliwa ulikuwa wake. Kanzu yake aliifua kwa mkono wake, akaifukiza udi. Lakini kwetu, unavyojua, kabla ya kuoza watu huulizia: ni ukoo gani, ndani ya nyumba mna nini. Na Bi Rukia alikuwa amebakiwa na binti wa kuozwa, Swafiya. Basi komeo lile aliliita sitara. Angekuwa katili, mtu angegombana naye. Utagombana vipi na mama anayelia kila akifunga?

Alasiri moja akaja mwanamke akiitwa Wanza, mtu wa bara, karani bandarini. Alitoka katika kikundi kidogo kilichokuwa na chumba kimoja Tudor. Wakati huo vikundi vya namna hii vilikuwa vichache, na jirani ndiye aliyewapelekea habari. Bi Rukia akamkaribisha kwa mahamri na chai ya iliki.

"Wewe ni daktari, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi ni mgonjwa mstaafu."

Bi Rukia akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Hee! Wendawazimu nao wana chama siku hizi?"

"Tunacho, mama. Ila chai yetu haina iliki."

Kisha Wanza akakiweka kikombe chini. Akasema naye aliwahi kufungiwa, nyumbani kwa kaka yake, na kaka yake alikuwa mtu mwema. Akasema ugonjwa haumwondolei mtu haki ya kuona jua, wala ya kutibiwa, wala ya kuulizwa juu ya mwili wake mwenyewe. "Sikuja kumchukua, mama. Nimekuja kumuuliza."

Bi Rukia aliona haya kumnyima mgeni. Akaliondoa komeo. Wanza akaketi sakafuni, pale kizingitini.

"Kaka Salim, unataka nini?"

Salim akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani kati yetu aliyeulizwa. Katika nyumba ile tulikuwa tukimuuliza kama amekula, kama amelala. Lile la Wanza lilikuwa geni kwake.

"Nataka mlango urudishwe tu," akasema. "Msitie komeo. Nitakaa humu humu."

Basi. Hakuomba hata kutoka, mwanangu.

"Nitamfungulia," Bi Rukia akasema. "Posa ya Swafiya ipite kwanza."

Wanza akawa anakuja akitoka kazini. Alikaa nje ya mlango ule, akiugonga kwa kidole, na Salim akimjibu kwa vikombe. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni, na mara nyingine nikimsikia Salim akicheka. Kikundi kikampatia nafasi ya kuonwa na daktari. Siku ile ikaangukia siku ya wageni wa posa.

"Atoke leo, mtaa mzima umwone?" Bi Rukia akasema. "Wallahi hatoki."

Hakutoka. Tena, kwa hofu kwamba wageni watasikia, Bi Rukia akaingia chumbani, akamnyang'anya vile vikombe, akavifunika kitambaa, akavitia kabatini.

Wageni wakala, wakasifu pilau, wakaridhika. Nyumba ilikuwa kimya.

Posa ilipopita, Bi Rukia akasema ipite harusi. Na harusi ilipokwisha, alitimiza ahadi yake. Akaufungua mlango ukawa wazi wote, akaingia na sinia: kahawa ya tangawizi na vikombe vyake. Salim akaitazama sinia. Akangoja mama yake atoke, akainuka, akaufunga mlango mwenyewe kwa ndani, akauegemea kwa mgongo. Tangu hapo hakugonga kikombe wala hakusema neno. Kikundi kilimleta daktari mpaka nyumbani. Dawa zilimrudishia usingizi, sauti haikurudi. Alipotoka chumbani mle, alitoka juu ya jeneza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Wale watu wakirudi, wafungulieni, wapelekeni mpaka kwa mdogo wako, kisha nyinyi nyamazeni aulizwe yeye. Atakalotaka, likiwa dogo namna gani, mpeni siku hiyo hiyo, hata kama wageni wa posa wamefika mlangoni. Wakimwona wakageuka, waache wageuke. Sikudanganyi kuwa utaposwa tena, wala kuwa mdogo wako atapona. Sijui. Najua tu kwamba watetezi wanaweza kuisema haki ya mtu mpaka sauti ikawakauka, na komeo bado liko mkononi mwenu.

Mungu akupe kifua cha kubeba maneno ya watu. Ampe mdogo wako usingizi, na kauli yake asiipoteze. Na kimya nilichokaa nacho mimi kisiijue nyumba yenu.

Maana bado namwona Wanza siku aliyokuja mara ya mwisho, Salim akiwa hai. Aliugonga mlango kwa kidole, akangoja. Akagonga tena, akangoja sana. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake.

"Mwambieni nilikuja," akasema, na Salim yuko pale pale nyuma ya ubao, anasikia kila neno.

Akatoka. Bi Rukia akaufunga mlango wa nje nyuma yake na, kwa mazoea ya mkono, akatia komeo.